Malampaka: Matembezi ya familia kando ya reli ya zamani kabla haijanyamaza

Maswa. Mtoto wa Bariadi anaweza kumaliza darasa la saba akiwa ameona tembo kwa macho yake, amezunguka viwanja vya Nanenane vya Nyakabindi na kupita Lamadi mara kadhaa akienda Mwanza kwa shangazi, lakini hajawahi kuona treni. Si kosa lake wala la wazazi wake. Kati ya wilaya tano za Simiyu, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ni Maswa pekee inayopitiwa na reli. Na hata huko Maswa reli haikupita mjini. Ilipita magharibi, kwenye mji mdogo wa Malampaka.

Kwa familia yenye siku moja ya mapumziko, Malampaka inafikika. Bariadi hadi Maswa mjini ni lami tupu, kilometa zinazokaribia 50, kisha safari inageukia magharibi. Hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna mtu wa kutembeza wageni. Kilichopo ni reli ya zamani ya Tabora hadi Mwanza, iliyofika mwisho wake mwaka 1928, pamoja na njia za vijiji zinazoenda sambamba nayo, mashamba, malisho, na wazee waliosafiri kwa treni hiyo wakiwa vijana. Karibu nayo inajengwa reli mpya ya kisasa, SGR.

Reli hizo mbili kupita eneo moja ndiyo sababu ya kwenda sasa badala ya baadaye. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilometa 341, ulipata jiwe lake la msingi Juni 2021, pale Fela wilayani Misungwi, mkono wa Rais Samia Suluhu Hassan. Njia yote ikikamilika, Dar es Salaam na Mwanza zitaunganishwa kwa kilometa 1,219 za reli hiyo mpya. Ni jambo la heri. Lakini reli mpya inapoanza kazi, ya zamani huwa inaanza kusahaulika, na majirani wanayo mifano.

Nchini Kenya, treni ya usiku ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa, iliyokuwa ikitembea kwenye reli iliyoanza kujengwa karne ya 19, ilisimama mwaka 2017, mwaka uleule treni ya SGR ilipoanza. Zanzibar ilikuwa na reli yake tangu 1905, kilometa 11 hivi kutoka mjini hadi Bububu, na mabehewa yalipita katikati ya nyumba za Darajani kiasi kwamba cheche za injini zilikuwa kero kwa wenye mapaa ya makuti. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imefungwa. Leo mtoto anayepanda daladala kwenda Bububu anafuata njia ambayo babu wa babu yake aliipita kwa treni, na hana habari.

Kusini mwa Tanzania kuna kisa kikubwa zaidi. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947, walijenga reli kutoka pwani ya kusini hadi Nachingwea ili kubeba mavuno. Karanga zilikataa. Mradi ukaachwa mwaka 1951, reli ikajikongoja kwa miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake kung'olewa. Kilichobaki mahali ilipopita ni tuta la udongo linalokwenda mbele kwa unyoofu usio wa kawaida, na mikorosho iliyolifunika.

Reli ikishafungwa haisubiri karne ipite. Vyuma huondoka kwanza kwa sababu vina bei, kisha mataruma, kisha kokoto zinabebwa kujengea misingi ya nyumba. Mwisho kabisa hupotea watu waliojua kituo kipi kilikuwa wapi.

Kwanza ifahamike: reli hii bado iko hai

Wazazi wengi wanaposikia "reli ya zamani" wanafikiri ni chuma kilichotelekezwa. Ya Malampaka haijafungwa. Hata kama asubuhi nzima imepita bila kusikika honi, ukimya huo hauna maana kwamba hakuna kinachokuja. Kwa hiyo matembezi yote yanayoelezwa hapa hufanyika kando, kwenye njia za miguu na barabara za vijiji, si juu ya reli wala juu ya kokoto. Hifadhi ya reli ni eneo linalolindwa kisheria, na mtu akitaka kusogea stesheni anaanza kwa kumsalimia mkuu wa stesheni na kumweleza amekuja na watoto. Ni adabu, na pia ndiye anayejua kama kuna treni njiani.

Kuna mambo mawili ya kumweleza mtoto kabla hajashuka kwenye gari. La kwanza ni uzito. Basi dereva akikanyaga breki linasimama ndani ya makumi ya mita. Treni nzito ya mizigo iliyo kwenye mwendo inaweza kuhitaji kilometa moja au zaidi. Dereva akimwona mtoto relini, mara nyingi kitu pekee anachoweza kufanya ni kupiga honi na kuomba Mungu. La pili ni sauti. Watoto hudhani treni inasikika kutoka mbali, na kuna mchezo wa hatari unaopendwa mahali pengi wa kuweka sikio kwenye chuma ili kusikiliza kama inakuja. Upepo ukivuma kutoka upande wako kwenda inakotoka treni, sauti yake huchelewa kukufikia. Mchezo huo usianze hata kwa utani, na mzazi asiuonyeshe kwa kujisifu kwamba yeye aliucheza akiwa mdogo.

Mtoto wa chini ya miaka minane anashikwa mkono katika kivuko cha reli na barabara, mwanzo hadi mwisho. Wakubwa zaidi wanasimama, wanatazama kushoto, kulia, kisha kushoto tena, na wanavuka wakitembea bila kukimbia. Anayekimbia hujikwaa kwenye chuma.

Kamba ya mita moja

Safari nzuri huanzia nyumbani, jioni ya siku iliyotangulia, kwa kamba na rula. Mtoto akate kamba yenye urefu wa mita moja kamili. Huo ndio upana kati ya vyuma viwili vya reli ya zamani, na ni kipimo hichohicho kinachotumika kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na pia katika reli ya zamani ya Kenya na Uganda. Kisha akate nyingine ya mita moja, sentimita 43 na nusu. Hiyo ni SGR. Akizilaza sakafuni sambamba, ataona mwenyewe kwa nini behewa la zamani haliwezi kupanda reli mpya hata kwa kusukumwa, na kwa nini nchi imelazimika kujenga njia nzima upya badala ya kukarabati iliyopo.

Tofauti nyingine ataiona akiwa Malampaka. Mataruma ni vile vipande vinavyolala chini ya reli na kuishika isiachane. Kwenye reli ya zamani mengi ni ya chuma. Kwenye reli mpya ni ya zege. Taruma ni neno zuri ambalo watoto wa Simiyu hawana pa kulisikia, kwa hiyo mzazi alitaje mara kadhaa siku hiyo, likae.

Kuna pia ule mlio. Mtu yeyote aliyewahi kulala ndani ya treni ya zamani anaukumbuka, ta-ta, ta-ta, usiku kucha. Unatokana na nafasi ndogo iliyoachwa makusudi kati ya kipande kimoja cha reli na kingine. Chuma kikipata joto hurefuka. Kilometa moja ya reli, ikitoka kwenye baridi ya alfajiri ya nyuzi 20 hadi nyuzi 50 chini ya jua la mchana, hurefuka kwa zaidi ya sentimita 30. Bila zile nafasi, reli ingejikunja kama mlenda unavyojikunja kwenye tonge. Gurudumu linapopita juu ya kila nafasi linagonga, na huo ndio wimbo wa treni ya Mwanza. Katika reli za kisasa vipande huunganishwa kwa kuchomelewa na kubanwa kwa nguvu kwenye mataruma mazito, hivyo mlio ule haupo. Abiria wa SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba watu mwaka 2024, wanaupata ukimya huo kwa mwendo unaofika kilometa 160 kwa saa. Wanafika haraka. Lakini mtoto anayetaka kuusikia wimbo wenyewe, ausikilizie hapa, akiwa amesimama mbali na reli, siku treni ikipita.

Kusoma udongo

Baada ya stesheni, familia inaweza kushika njia ya kijiji inayofuata reli kwa umbali salama na kutembea saa moja kwenda, saa moja kurudi. Kwa watoto hiyo inatosha. Saa 1 asubuhi ndio wakati wa kuanza. Kufika saa 5 jua la Usukuma halina huruma na kivuli ni cha kutafuta.

Reli haipendi milima na haipendi kona kali. Ndiyo maana inakata nchi kwa mstari mrefu, na mtu anayetembea kando yake hupitishwa kwenye kila aina ya ardhi bila kuchagua. Wasukuma walizipa aina hizo majina zamani kabla ya mtaalamu yeyote wa udongo kufika. Juu kwenye vilima kuna mawe makubwa ya matale, mengine yamepandana kana kwamba yalipangwa na mtu. Chini yake kidogo kuna luseni, udongo wa kichanga, mwepesi kwa jembe, unaopendwa kwa viazi vitamu na karanga. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, ardhi ngumu ambayo maji hayapenyi kirahisi na nyasi zake ni fupi. Mwisho kabisa, bondeni, ni mbuga: udongo mweusi unaonata kama gundi masika na kupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto kiangazi.

Mtoto apewe kazi ya kutaja rangi. Kijivu, hudhurungi, nyeupe ya chokaa, nyeusi. Kila inapobadilika, atazame pia kilichopandwa, kwa sababu mazao hubadilika na udongo. Kwenye mbuga ataona majaruba, yale matuta madogo yanayozuia maji ya mpunga, yamepangwa kama madirisha. Kwenye miinuko ataona pamba na mtama.

Kisha arudishe macho kwenye reli. Mahali pa luseni iko karibu usawa wa ardhi. Ikifika kwenye mbuga imeinuliwa juu ya tuta. Waliojenga katika miaka ya 1920 walijua kwamba udongo mweusi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na chuma kilicholazwa juu yake moja kwa moja kingepinda kila mwaka. Na tuta lenyewe lisingedumu bila matundu chini yake. Hayo ni makaravati, na ndiyo sehemu ambayo watoto huipenda kuliko zote, ingawa kuingia ndani hairuhusiwi. Nyoka nao hupenda kivuli. Kazi yake ni kupitisha mafuriko. Maji yakikosa njia hubeba tuta zima, kama yalivyofanya kwenye reli ya kati eneo la Kilosa na Gulwe katika mvua za Desemba 2009 na Januari 2010, abiria wakakaa muda mrefu bila treni.

Nyasi zisizoguswa

Mahali fulani katika matembezi ya namna hii, hasa kiangazi, mtoto makini atauliza swali ambalo mzazi wa mjini hana jibu lake: kwa nini huku nyasi zimeliwa hadi mizizi na pale, hatua chache tu, zimesimama kiunoni na miti imeshonana?

Jibu ni ngitili. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza kunyesha, yasiguswe na mfugo wowote, ili kiangazi kikipamba moto ndama, ng'ombe wazee na maksai wa kulimia wapate pa kula. Kuna ngitili ya familia na ngitili ya kijiji. Ulinzi wake si wa waya. Ni wa dagashida, baraza la wananchi, na anayepeleka ng'ombe ndani bila ruhusa hulipa faini mbele ya majirani zake, aibu ambayo inauma kuliko fedha.

Kisa cha ngitili kina huzuni yake. Chini ya ukoloni misitu ya Shinyanga, mkoa uliobeba Maswa, Bariadi na Meatu kabla Simiyu haijazaliwa mwaka 2012, ilifyekwa kwa wingi ili kumfukuza mbung'o anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Shinyanga palikuwa ndipo makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika. Yakafuata mashamba ya pamba, mifugo iliyoongezeka na kuni. Operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970 ikahamisha watu mbali na ngitili zao. Kufikia miaka ya 1980 nchi ilikuwa uchi. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake ilikuwa moja: haikuleta mti mgeni peke yake, ilirudi kwa wazee na kuuliza walihifadhije zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili.

Haya ni maelezo marefu kwa mtoto wa miaka tisa, ni kweli. Yanafupishika hivi: hii ni akiba ya ng'ombe, kama mahindi yaliyo ghalani ni akiba ya watu.

Wakati mzazi anaeleza, yangeyange weupe watakuwa wanafuata kundi la ng'ombe kuokota wadudu, na kama kuna mbuyu karibu kuna uwezekano wa kuona kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vya rangi ya machungwa, ambao makazi yao ya asili ni ukanda huuhuu wa kusini mwa Ziwa Victoria. Kuzunguka miji ya watu kuna uzio wa minyaa. Watoto wasiuvunje: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni safari ya zahanati.

Pamba iliyokuwa ikivuka ziwa

Aliyekwenda likizo ya Juni anabahatika, kwa sababu pamba inavunwa na barabara ni kavu. Mikokoteni ya ng'ombe inapita imejaa vifurushi vyeupe kuelekea kwenye vyama vya msingi, na Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo. Wa likizo ya Desemba ataona kazi ya kupanda, na atapambana na tope la mbuga. Ua la pamba lenyewe linahitaji mtu aje katikati, Februari au Machi. Huchanua likiwa jeupe asubuhi na kesho yake likawa la waridi, jambo ambalo hata watoto wa wakulima hufurahi kulionyesha.

Pamba ndiyo iliyoleta reli hapa. Kabla ya 1928 mzigo wa Usukuma ulikuwa na njia moja ya maana kwenda kwa wanunuzi wa Ulaya. Ulipelekwa Mwanza, ukapakiwa melini, ukavuka ziwa hadi Kisumu, na kutoka Kisumu ukapanda reli ya Uganda, iliyofika ziwani mwaka 1901, hadi bandari ya Mombasa. Kwa maneno mengine, jasho la mkulima wa Maswa lilikuwa likiinufaisha reli na bandari ya nchi nyingine. Reli ya Tabora hadi Mwanza iligeuza mkondo huo uelekee Dar es Salaam, kwa kujiunga Tabora na reli ya kati ambayo Wajerumani walikuwa wameifikisha hapo mwaka 1912.

Wakulima hawakukaa kimya kungoja bei. Wakiongozwa na kijana Paul Bomani waliunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika kwa wakati ule. Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Marobota yaliyopakiwa kwenye mabehewa ya reli hii yalisomesha watoto, ambao leo ni babu na bibi.

Na hao ndio wa kutafutwa kabla ya kurudi. Pale Malampaka, kama ilivyo kwenye miji mingi iliyozaliwa na stesheni, mzee aliyesafiri, aliyepakia mizigo au aliyeuza karanga dirishani si wa kutafutwa kwa tochi. Watoto wamsalimie kwanza, "mwangaluka" kama bado ni asubuhi, magoti yakikunjwa kidogo kwa heshima, na wasimwulize maswali ya mtihani. "Reli ilijengwa lini" ni swali la kitabuni. Wamwulize alipanda treni mara ya kwanza akienda wapi na nani alimsindikiza. Wamwulize alibeba chakula gani na kiliisha wapi. Daraja la tatu lilikuwaje usiku. Nani alilia stesheni. Ruhusa ikiombwa na mzee akakubali, mzazi awashe kinasa sauti cha simu na kuiweka mezani, kisha anyamaze. Simu ileile inayolaumiwa kila jioni kwa kuwapotezea watoto muda, siku hiyo itakuwa imefanya kazi ambayo hakuna mtu aliyeifanyia Bububu.

Uingereza, walikofunga maelfu ya kilometa za reli za vijijini katika miaka ya 1960, baadhi ya njia hizo ziligeuzwa kuwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Ile ya kati ya Bristol na Bath, kilometa kama 21, hutumiwa na familia na watoto wanaokwenda shule. Iliwezekana kwa sababu ukanda wa ardhi ulibaki mzima. Ukishakatwa viwanja vya nyumba na mashamba, hauunganiki tena. Hakuna aliyesema Malampaka itafika huko, lakini mzee mmoja mmoja, karavati moja moja, ndiyo ramani ambayo mtu wa kesho atahitaji.

Njaa ya njiani

Chakula kisitoke Bariadi chote. Kote Usukuma kuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Matobolwa ni matamu na yanatafunwa hivihivi, ni magumu kidogo kwa meno ya maziwa. Michembe hupikwa, na wengine huichanganya na karanga za kutwanga. Vyakula hivi hukaa miezi bila kuharibika, ndiyo maana vilikuwa chakula cha msafiri. Treni ya Mwanza ilikuwa safari ya kulala njiani, na kifurushi cha matobolwa kilifika Dar es Salaam kikiwa salama kuliko kuku.

Maji yawe ya kutosha, angalau lita moja kwa kila mtoto, kofia kwa wote, na viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya miiba ya migunga. Makopo na mifuko irudi nyumbani. Gari la kurudi Maswa lishikwe mapema alasiri, maana usafiri wa jioni si wa kuutegemea ukiwa na watoto waliochoka.

Zile kamba mbili zisitupwe. Zipigiliwe ukutani chumbani kwa watoto, ya mita moja juu, ya SGR chini yake, na mtoto aandike mwenyewe pembeni jina la mzee aliyemsimulia na kituo alichopandia.